Walaji Mboga wa Gujarat

Mwezi wa Aprili, mwaka wa 1498, merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga mbele ya Malindi. Wareno wakakuta bandarini merikebu nne za Wahindi. Kwa kuwa walitamani mno kukutana na Wakristo katika bahari hii, waliwadhania Wahindi wale kuwa Wakristo, wakawafurahia. Mmoja wa Wareno, aliyekuwa akiandika habari za safari ile, alieleza sura zao: rangi ya maji ya kunde, nguo chache, ndevu ndefu, na nywele ndefu zilizosukwa. Kisha akaongeza neno moja, kwamba watu wale waliwaambia kuwa hawali nyama ya ng'ombe.

Mwandishi hakulifuatia neno hilo. Alikuwa na haja ya rubani na viungo, si ya habari za mapishi. Lakini sisi twaweza kulifuatia. Mreno mwingine, Duarte Barbosa, aliyeandika miaka ipatayo 20 baadaye, alieleza kwamba nguo na shanga zilizouzwa Kilwa, Mombasa na Malindi zililetwa na merikebu za Khambhat, bandari kubwa ya nchi ya Gujarat, magharibi ya India. Upepo wa kaskazi ulizileta, na upepo wa kusi ukazirudisha. Miongoni mwa wafanyabiashara wa Gujarat walikuwamo wale ambao lugha yetu imewapa jina la Mabaniani, na Baniani wa kweli, licha ya ng'ombe, hakula mbuzi, wala kuku, wala samaki, wala yai. Tumefanya biashara na watu hao kwa zaidi ya miaka 500. Tumevaa nguo zao, tumekopa dukani kwao, tumewatungia na methali isemayo kuwa Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Lakini ni wachache kati yetu waliopata kuuliza kwa nini sufuria yao haina nyama.

Kwanza tuondoe kosa moja. Kwetu, mtu kukaa siku nyingi bila kuonja nyama si jambo la ajabu. Mkulima hula ugali kwa mboga za majani, au mseto wa mchele na choroko, na nyama huingoja sikukuu au mgeni. Huyo hatumwiti mlaji mboga. Akichinjiwa mbuzi leo hatakataa. Tunayemtafuta hapa ni mtu ambaye nyama ipo sokoni, fedha za kuinunua anazo mfukoni, na bado haigusi. Na kama wazee wake, hata mtoto wake akiugua, hatakubali supu ya kuku ipite mlangoni kwake. Mtu wa namna hiyo hakufanywa na umaskini. Alifanywa na nini?

Wala si nchi yenyewe iliyomfanya. Gujarat ina pwani ndefu kupita majimbo mengine yote ya India, na bahari yake imejaa samaki. Katika rasi ya Saurashtra mvua ni haba, na nchi kama hiyo aghalabu hulisha watu kwa mifugo. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliochimba mji wa Lothal, uliokuwako zaidi ya miaka 4000 iliyopita, walifukua mifupa ya ng'ombe, kondoo, mbuzi na samaki. Watu wa kale wa Gujarat walikula nyama kama watu wengine. Kwa hiyo kuacha nyama kulikuja baadaye, na kulikuja kwa maneno ya watu.

Kati ya maneno hayo, lililo maarufu kuliko yote ni kisa kinachosimuliwa na Wajaini juu ya mlima wa Girnar, karibu na mji wa Junagadh. Wasema kwamba zamani sana mwana wa mfalme aitwaye Nemi alikuwa akienda kumwoa binti jina lake Rajimati. Msafara wa harusi ulipokaribia, bwana arusi akasikia vilio vya wanyama. Akauliza, akaambiwa kwamba wale ni wanyama waliofungwa zizini, wangojao kuchinjwa kwa karamu ya harusi yake. Nemi akageuza gari lake, akayavua mapambo, akapanda Girnar kuishi kama mtawa. Bibi arusi, yasimuliwa, naye akafuata njia hiyo hiyo. Hiki ni kisa cha dini, wala mwanahistoria hawezi kukiwekea tarehe. Lakini watoto wa Gujarat wamekisikia kwa karne nyingi, na mtoto aliyefunzwa kwamba karamu yaweza kusikilizwa kutoka upande wa zizi hatakula kama mtoto asiyefunzwa hivyo.

Chini ya mlima huo huo kuna jiwe kubwa, na hapo twaingia katika historia yenye maandishi. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo mfalme Ashoka, aliyetawala sehemu kubwa ya India, aliagiza amri zake 14 zichongwe juu ya jiwe hilo. Amri ya kwanza yahusu jiko lake mwenyewe. Mfalme akiri kwamba zamani maelfu kwa maelfu ya wanyama walichinjwa kila siku kwa mchuzi wa nyumba ya kifalme. Sasa, asema, wachinjwa watatu tu, tausi wawili na paa mmoja, na huyo paa si kila siku. Na hao watatu nao wataachwa baadaye. Mimi huipenda amri hii kwa unyofu wake. Wafalme wengi wameamuru raia waache hili na lile. Ni wachache waliohesabu hadharani kilichomo katika sufuria yao na kuungama kuwa wale tausi wawili bado wamewashinda.

Ashoka alikuwa mfuasi wa Buddha. Waliokaa Gujarat na kuushika mwiko wa nyama kwa nguvu kuliko wote ni Wajaini, wafuasi wa mafundisho ya Mahavira, aliyeishi mashariki ya India katika karne ya 6 au ya 5 kabla ya Kristo. Asili ya mafundisho yao ni neno ahimsa, maana yake kutodhuru. Kila kiumbe kina roho, na roho hiyo yaumia. Kwa hiyo Mjaini hali nyama, samaki, mayai wala asali. Aliye mshikaji sana haendi mbali hapo tu: hali viazi, vitunguu, karoti wala saumu, kwa sababu mzizi ukingʼolewa mmea wote hufa, na katika mzizi mna viumbe vidogo visivyo na idadi. Hali baada ya jua kuchwa, asije akameza mdudu aliyevutwa na taa. Maji huyachuja. Tena, kwa kuwa jembe huua viumbe ardhini, wengi waliuacha ukulima wakashika biashara, na biashara ikawapa mali. Jambo hili tuliweke akilini, kwa maana mwiko wa watu wenye mali husikika mbali kuliko mwiko wa watu wasio nayo.

Ulisikika hata jumbani katika karne ya 12. Mji mkuu wa Gujarat wakati huo ulikuwa Anhilavada, ambao sasa ni Patan, na mwanachuoni mkubwa wa mji huo alikuwa mtawa wa Kijaini, Hemachandra, mwana wa mfanyabiashara wa Dhandhuka, mtungaji wa vitabu vya sarufi, kamusi na mashairi. Yasimuliwa kwamba sarufi yake ilipokamilika mfalme aliipandisha juu ya ndovu ikazungushwa mjini. Heshima ambayo waandishi wa sarufi wa siku hizi hawajaipata. Mfalme aliyefuata, Kumarapala, aliyeanza kutawala mwaka wa 1143, alimfanya Hemachandra mwalimu wake. Akaacha nyama. Kisha akapiga marufuku kuchinja katika nchi yake yote.

Hapa ndipo jambo lilipogeuka sura. Waandishi wa Kijaini wenyewe watusimulia kwamba wachinjaji walionyangʼanywa kazi walilipwa mapato ya miaka mitatu, ili wapate kuanza kazi nyingine. Ni kitendo cha haki, na serikali nyingi za baadaye hazikukikumbuka. Watusimulia pia kwamba makuhani wa mungu mke wa ukoo wa mfalme walikuja kudai mbuzi na nyati wa sadaka. Kumarapala akaamuru wanyama wafungiwe usiku ndani ya hekalu, akasema kwamba ikiwa mungu huyo awataka, atawala mwenyewe. Asubuhi milango ilipofunguliwa, wanyama walikuwa wamelala wakicheua.

Lakini kuna kisa cha tatu. Mfanyabiashara mmoja alipatikana na kosa la kumponda chawa kwa makusudi. Akashtakiwa, mali yake ikachukuliwa, na kwa mali hiyo likajengwa hekalu lililoitwa Hekalu la Chawa. Kisa hiki kiliandikwa na Merutunga, mtawa wa Kijaini, mwanzoni mwa karne ya 14, naye alikiandika kwa sifa, si kwa lawama. Msomaji wa leo husita. Huruma iliyoanza mlimani kwa bwana arusi mmoja kugeuza gari lake kwa hiari, sasa imekuwa na askari, hukumu na kunyangʼanywa mali. Kumarapala alipofariki, mrithi wake Ajayapala aliigeukia dini nyingine akawatesa Wajaini. Kilichosimamishwa kwa amri ya mfalme hakikuwa na mlinzi mfalme alipobadilika.

Hata hivyo mwiko haukufa, maana ulikuwa umepata makao mengine. Gujarat ilipotawaliwa na masultani Waislamu, kisha na wafalme wa Moghul, wafanyabiashara wa kila mji walikuwa na chama chao kilichoitwa mahajan. Mahajan ilipatanisha ugomvi, ilifunga soko siku za dini, na ilitoza kiasi kidogo juu ya bidhaa kwa ajili ya panjrapol, yaani nyumba ya kutunzia wanyama wazee na wagonjwa. Chama hicho hakikuwa na jeshi, ila kilikuwa na mkopo, na mtawala mwenye madeni hupima maneno. Hata Akbar, mfalme mkuu wa Moghul, alimwita mtawa wa Gujarat, Hiravijaya Suri. Mtawa huyo hakupanda farasi wala gari, kwa kuwa dini yake yamkataza. Alikwenda kwa miguu hadi Fatehpur Sikri, akafika mwaka wa 1583. Akbar akamsikiliza, akatoa amri ya kukataza kuchinja katika siku takatifu za Wajaini.

Wageni waliopita Khambhat hawakuyaamini macho yao. Barbosa aliona kwamba watu wasio wa dini yao walikuwa wakichukua ndege au wadudu walio hai, wakaenda mbele ya Mabaniani na kujifanya wataka kuwaua. Mabaniani nao wakawanunua kwa bei kubwa ili wawaachilie. Twaweza kucheka, na hapana shaka wale wauza ndege walicheka wakirudi kwao. Mwaka wa 1623 Mwitalia Pietro della Valle alitembelea katika mji huo hospitali ya ndege. Humo akaona vitoto vya panya vilivyokosa mama, vimewekwa ndani ya pamba, na mzee wa makamo ya heshima, ndevu nyeupe, miwani puani, akivinywesha maziwa kwa unyoya wa ndege. Della Valle hakumdhihaki mzee huyo. Aliziandika habari zake kama zilivyo, na miaka 400 baadaye bado twaweza kumwona.

Sasa yafaa tumwangalie mtu ambaye hakuwamo katika hospitali hiyo. Gujarat haikuwa nchi ya walaji mboga watupu hata siku moja. Wavuvi walikula samaki wao. Warajputi walikula mawindo. Waislamu, miongoni mwao Mabohora, Makhoja na Mamemoni tuwajuao huku kwetu, walikula nyama, vivyo hivyo na watu wa kabila la Bhil katika milima ya mashariki. Tena walikuwako watu wa tabaka la chini kabisa, ambao leo hujiita Dalit. Ng'ombe wa kijiji akifa, ni wao waliolazimishwa kuuondoa mzoga na kuuchuna. Na kwa kuwa walikuwa maskini, wengine walikula nyama yake. Kwa sababu hiyo waliambiwa ni najisi, wasiguse kisima, wasiingie hekaluni. Jamii iliyompa mtoto wa panya maziwa ilimnyima mtu huyo maji. Sisemi haya ili kuwasuta wote walioacha nyama. Nayasema kwa sababu historia ya sufuria haiwezi kuandikwa bila kumtaja aliyezuiliwa kuikaribia.

Wala si mambo ya kale tu. Mwaka wa 2014 watawa wa Kijaini wapatao 200 walifunga kula katika mji wa Palitana, penye mlima wa mahekalu, wakidai kuchinja kukomeshwe. Serikali ikakubali, na wakazi waliokuwa wakila nyama au kuishi kwa kuiuza wakanungʼunika. Mwaka wa 2016, karibu na mji wa Una, vijana wa Kidalit waliokuwa wakimchuna ng'ombe aliyekwisha kufa walikamatwa na watu waliojiita walinzi wa ng'ombe, wakafungwa kwenye gari na kupigwa hadharani. Wenzao wengi wakaapa kuacha kuondoa mizoga, na baadhi yao wakaibwaga mbele ya ofisi za serikali. Hesabu iliyofanywa na serikali ya India mwaka wa 2014 ilionyesha kwamba watu kama 6 kati ya kila 10 wa Gujarat hawali nyama. Maana yake ni kwamba wanne hula, nao wana haki ya kutajwa.

Hao sita hawakutokana na Wajaini peke yao, kwa kuwa Wajaini ni wachache. Wengi ni Wahindu wa madhehebu ya Vaishnava, wamwabuduo Krishna. Katika karne ya 16 wafuasi wa Vallabha walieneza desturi ya kumtengea Krishna chakula kabla ya kula wao, na chakula cha kutengwa hakiwi na nyama, kitunguu wala saumu. Baadaye, kuanzia mwaka wa 1800 hivi hadi kufa kwake mwaka wa 1830, Swaminarayan alizunguka Gujarat akihubiri kwa wakulima, mafundi, na hata watu waliokuwa wakiishi kwa unyangʼanyi, waache nyama, pombe na wizi. Hakuwa na jela ya kumtia mtu. Mchungaji wa Kikathi aliyeacha nyama kwa kumsikiliza aliiacha kwa sababu alitaka kuwa mtu mwingine.

Nao wanawake wakapata kazi ya kuufanya mwiko huo ulike. Nchi kavu huzaa uwele na mtama, mbaazi, choroko na dengu. Mkate mnene wa uwele huliwa na siagi na sukari guru. Mchele na choroko hupikwa pamoja ukawa mlo ambao mtu wa pwani akiuona atauita mseto. Unga wa dengu huchachushwa na kupikwa kwa mvuke ukawa mkate laini uitwao dhokla. Ng'ombe wa Gir, mwenye nundu na masikio marefu yaliyoning'inia, ndiye nguzo ya yote, maana maziwa, mtindi na samli hutoka kwake. Nafaka pamoja na jamii ya kunde, na maziwa juu yake, hutosha kuujenga mwili; wapishi wa Gujarat walilijua hilo kwa mikono kabla wenye elimu ya vyakula hawajalieleza kwa hesabu.

Lakini je, yatosha kuujenga mwili wa mtu huru? Swali hili liliwatesa vijana wa Gujarat katika karne ya 19, Waingereza walipokwisha kuitawala nchi. Wanafunzi wa shule walikariri beti za mshairi Narmad zilizodai kwamba Mwingereza amtawala Mhindi kwa kuwa yeye hula nyama na ni mrefu. Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Mohandas Gandhi, aliyezaliwa Porbandar mwaka wa 1869. Mwenyewe ameeleza katika habari za maisha yake jinsi rafiki mmoja alivyomshawishi kwamba India haitapata uhuru mpaka watu wake wale nyama. Wakaenda kando ya mto, mahali pa faragha, na nyama ya mbuzi na mkate wa kununua. Nyama ilikuwa ngumu kama ngozi. Gandhi akashindwa kuila, na usiku ule akaota kwamba mbuzi mzima analia tumboni mwake. Hata hivyo aliendelea kwa muda wa mwaka hivi, karamu tano au sita za siri, akijilazimisha kwa ajili ya nchi yake. Aliacha kwa sababu hakuweza kuvumilia kumdanganya mama yake. Hakuacha kuamini kwamba nyama ni bora. Alikusudia kuila siku wazazi watakapokuwa hawapo.

Mwaka wa 1888 alipotaka kwenda London kusoma sheria, mama yake Putlibai aliogopa. Mtawa wa Kijaini aliyekuwa mshauri wa nyumba yao akamwapisha kijana asiguse mvinyo, mwanamke wala nyama. Huko London kiapo hicho kilimweka na njaa. Mwenye nyumba hakujua la kumpikia ila mboga zilizochemshwa bila chumvi ya kutosha, na marafiki walimwambia kwamba kiapo alichoapa mbele ya mama asiyejua lolote la Ulaya si kiapo. Gandhi hakuwa na jibu la hoja zao. Alikuwa na ahadi tu. Akatembea maili nyingi kila siku akitafuta mkahawa wa chakula kisicho na nyama, hata akaupata mtaa wa Farringdon. Dirishani palikuwa na vitabu vya kuuzwa. Akanunua kwa shilingi moja kijitabu cha Henry Salt, Mwingereza, chenye kuutetea ulaji wa mboga; akakila chakula akashiba kwa mara ya kwanza tangu kufika Uingereza, kisha akakisoma kitabu mpaka mwisho.

Asema kwamba tangu siku hiyo alikuwa mlaji mboga kwa kuchagua. Tazama jinsi jambo hili lilivyozunguka. Mwana wa nchi ambayo tangu Ashoka ilichonga mwiko huo juu ya mawe, aliyezaliwa katika nyumba isiyoingia nyama, alihitaji kufika mji wa wala nyama, mbali na mama, mtawa na mahajan, ndipo desturi ya wazee ikawa yake. Mwaka wa 1931, alipokuwa London kwa mkutano wa mambo ya India, alihutubia chama cha walaji mboga cha mji huo, na Salt, mzee sasa, alikuwa ameketi karibu naye. Akawaambia kwamba wanaoacha nyama kwa ajili ya afya peke yake mara nyingi huanguka, kwa kuwa afya ikilegea hawana la kushikilia.

Kabla ya hayo Gandhi alipita kwetu. Mwaka wa 1893, akielekea Afrika Kusini, meli yake ilitia nanga Lamu. Akashuka kuutazama mji, akawakuta makarani wa Kihindi katika posta, na nusura aachwe na meli. Kisha akapita Mombasa na Zanzibar. Huko Zanzibar Mabaniani walikuwa wenyeji wa siku nyingi. Kwa miaka mingi ya karne ya 19 forodha ya Sultani ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, wa jamaa ya Bhatia kutoka Kutch. Wengi wao waliishi bila wake zao, kwa kuwa wanawake wa Kibhatia hawakuruhusiwa kuvuka bahari, na mwanamume asiyeweza kula kilichopikwa na mkono mwingine hulazimika kujifunza kupika.

Waliokuja baadaye na familia zao ndio waliolihamisha jiko zima. Reli ya Uganda ilijengwa kuanzia mwaka wa 1896 na vibarua wa Kihindi, ambao wengi walitoka Punjab na hawakuwa na mwiko huo. Lakini njaa kubwa ya mwaka wa 1899 na 1900 ilivikausha vijiji vya karibu na Jamnagar, na Wajaini wa jamaa ya Oshwal, waliokuwa wakilima huko ijapokuwa ndugu zao wengi walikuwa wafanyabiashara, wakaanza kuvuka bahari kuja Kenya. Wakawa makarani wa maduka, kisha wenye maduka, Mombasa, Nairobi, Thika na kwingineko. Walikuta mbaazi, kunde, choroko na uwele shambani. Hawakuwa na haja ya kuagiza mengi. Lugha zikabadilishana vyombo: sisi tukachukua chapati, nao wakachukua muhogo wakauita mogo, wakaukaanga kwa pilipili na ndimu. Mjaini mshikaji, bila shaka, hula chapati na kuuacha mogo, kwa kuwa ni mzizi.

Kenya iliwafaa watu hao kwa jambo moja ambalo sikupata kuliona vitabuni. Nairobi jua huchwa karibu na saa kumi na mbili unusu, Januari hata Desemba. Mama wa Kioshwal aliyetaka watoto wale kabla ya giza aliwaita wakati ule ule mwaka mzima, na mwenye duka alijua saa ya kufunga mlango. Mwaka wa 1968 familia nyingi za Kihindi zilipohama Kenya kwenda Uingereza, zilibeba masufuria, viungo, na neno mogo. Jua hazikuweza kulibeba. Mwezi wa Desemba katika mji wa London hutua kabla ya saa kumi alasiri, watoto wangali njiani kutoka shule. Na mwezi wa Juni hungoja mpaka saa tatu ya usiku imepita. Hapo kila nyumba ikabidi iketi na kuamua yenyewe.